Kesi ya Mpishi wa Chuma

Niseme ukweli tangu mwanzo: hadithi za angani sikuwa nazipenda hata kidogo. Nilichopenda ni kesi. Miaka ishirini na saba nilichapa mwenendo wa kesi katika mahakama moja ya hapa Nairobi. Jaji anaandika kwa mkono, mwandiko kama kuku amepita kwenye unga, mimi nasoma na kuchapa. Shahidi wa tatu ameapishwa. Mshtakiwa anakana. Kesi inaahirishwa. Maneno ya wezi, ya askari, ya wajane, ya mawakili wanaopenda kujisikia wakiongea, yote yalipita kwenye vidole vyangu, na hakuna hata moja lililokuwa langu. Ukikosea herufi unaitwa ofisini. Usipokosea hakuna anayejua kama upo.

Ndiyo maana nilipostaafu nilikuwa na njaa moja tu: kuandika kitabu changu. Kitabu kizima, kinene, chenye maneno yaliyotoka kichwani mwangu mwenyewe. Vijitabu viwili vya watoto wa shule nilikuwa nimeshatoa, kimoja cha mbuzi na kingine cha kupiga meno mswaki, lakini huwezi kusimama kanisani ukasema wewe ni mwandishi kwa sababu ya meno.

Basi asubuhi moja mhariri wangu akanipigia simu. Huyu ni msichana wa miaka thelathini hivi, anakaa mtaa wa Fedha, anaongea kama mtu anayekimbizwa.

"Madam, niaje? Umekaa?"

Nilikuwa nimesimama jikoni kwangu Buruburu nikikoroga uji. Nikamwambia nimekaa.

Akanieleza. Kuna kampuni ng'ambo inayomiliki mfululizo wa riwaya kuhusu chombo kimoja kikubwa kinachosafiri angani miaka nenda miaka rudi. Waandishi ni wengi, kila mmoja na kitabu chake, lakini ulimwengu ni wa kampuni. Sasa walitaka kitabu cha Kiswahili. Si tafsiri, kitabu kipya kabisa, na ndani yake walitaka kesi ya mauaji, kizimba, mawakili na kila kitu, humo humo angani.

"Si wewe umekaa kortini maisha yako yote?" akasema. "Aki hii ni yako."

Uji ukafurika, na mimi nikakubali kabla sijaupangusa.

Wiki iliyofuata akaniletea kitabu cha kanuni. Wacha wee! Kilikuwa kinene kuliko riwaya yenyewe. Nahodha hafi. Chombo hakifiki kinakokwenda. Mashine haiwezi kusema uongo, na tena mashine haianzi mazungumzo, inajibu tu inapoulizwa. Mtu akifariki, mwili wake huachiliwa angani ndani ya saa moja. Kuandika humo ni kama kuishi katika zile nyumba za kanjo, yaani za baraza la jiji, pale Jericho nilikolelewa. Unaweza kupika humo, kuzaa, kuimba na kugombana, lakini ukuta huubomoi na rangi ya mlango si shauri lako.

Na mkataba ulikuwa na makali yake. Nilikuwa na nafasi mbili. Rasimu ya kwanza wakiikataa, narekebisha. Ya pili wakiikataa, kila nilichobuni kinabaki mali yao, na anapewa mwandishi mwingine akimalizie. Nilisoma kifungu hicho mara tatu. Yaani hata nikishindwa, maneno yangu yangekwenda kuitwa ya mtu mwingine, kama ilivyokuwa siku zote. Nikapiga moyo konde, nikatia sahihi.

Kisa nilichobuni kilikuwa hivi. Ndani ya chombo kuna fundi wa hewa, mzee mmoja mpole, amekutwa amekufa kitandani, na kando yake kikombe chenye sumu. Anayeshtakiwa ni mpishi, na mpishi ni mashine, mpishi wa chuma. Yeye ndiye aliyetengeneza kile kinywaji, na hawezi kusema uongo, kwa hiyo alipoulizwa mahakamani akakubali kwamba ndiyo, nilitengeneza, ndiyo, nilimimina kwenye kikombe hicho. Watu wote wakaona kesi imekwisha. Muuaji halisi alikuwa tabibu wa chombo. Alikuwa akiwapa wagonjwa dawa zilizopitwa na wakati, na fundi alikuwa amemgundua.

Kesi yenyewe niliifahamu kama njia ya kwenda sokoni. Niliandika kwa raha, kila asubuhi baada ya kufagia, mezani pangu, dirisha wazi. Nikaahirisha kesi mara nne. Mara shahidi hajafika, mara faili limepotea, mara kiongozi wa mashtaka ana mafua, mara jaji ameenda semina. Mhariri alipoisoma alinipigia akicheka mpaka akashindwa kupumua.

"Madam, faili limepotea vipi? Hawa watu wana mashine inayokumbuka kila kitu! Na shahidi hajafika akitoka wapi? Wako watu arobaini ndani ya chombo kimoja, watu wanaenda kortini na malapa!"

"Kesi isiyoahirishwa haiaminiki," nikamwambia.

"Na jaji ameenda semina wapi? Kwenye sayari gani?"

Nilikasirika. Mimi hasira zangu haziko mbali, ziko pale pale mlangoni zimevaa viatu. Nilimwambia akae kwenye benchi la mahakama siku moja tu, kisha anieleze kuhusu kuaminika. Baadaye nikatulia, nikaziondoa tatu. Ya mafua nilikataa. Bado iko kitabuni mpaka leo.

Tukatuma. Mwezi mzima kimya. Kisha jibu likaja, na lilikuwa fupi kama hukumu ya mwizi wa kuku. Kesi imekaa sawasawa, walisema. Lakini hakuna anayemjali aliyekufa. Imekataliwa. Mwandishi ana nafasi moja.

Nilisugua sufuria zote za nyumba siku hiyo, na nyingine hazikuwa chafu. Hakuna anayemjali aliyekufa! Kesi nzima si ni yake? Kurasa zote zile si zinamhusu yeye? Mashahidi kumi na mmoja nimewaleta, kila mmoja amemtaja! Nilisema hayo kwa sauti, peke yangu, na sufuria hazikunijibu.

Jumapili nikabeba makaratasi, nikaenda Jericho kwa mama.

Mama yangu ana miaka themanini na kitu. Alikuja Nairobi kama bibi harusi kutoka magharibi mwa Kenya, baba akiwa mfanyakazi wa kiwanda, na hiyo nyumba ndogo hajaihama. Mlango unaofuata anakaa jirani yake, mama kutoka upande wa Nyeri, ambaye kibanda chake cha mboga sokoni kilitulisha sote. Hao wawili wamegombana kuhusu kamba ya kuanikia nguo tangu nikiwa darasa la pili, na hakuna anayeweza kula bila mwenzake. Jumapili baada ya kanisa huketi nje ya mlango, mama akichambua mboga ya mrenda, jirani akiambua minji, yaani njegere, na mtu yeyote akipita lazima asimulie alikotoka.

Nikaketi kwenye kigoda, nikawaambia nina kitabu kimekwama, wanisikilize. Nikasoma.

Haki ya Mungu, sijawahi kupata wasikilizaji kama wale. Hawakuuliza chombo kinaendeshwa na nini. Hawakujali kama ni angani au Kariobangi. Jirani alimshika mpishi wa chuma kama mtoto wake.

"Wanamsingizia!" akasema. "Ni kawaida. Kitu kikipotea kwa tajiri, anayeulizwa ni msichana wa kazi. Mimi nilifanya kazi kwa watu kabla sijaolewa, najua."

"Lakini amekubali alitengeneza chai," nikasema.

"Si ndiyo kazi yake? Akatae afukuzwe?"

Vidole vya mama vilikuwa vinanyofoa majani, macho yake kwangu. Nilipofika mwisho wa siku ya tatu ya kesi, akanikatiza.

"Na marehemu amezikwa lini?"

"Hakuzikwa, mama. Kule hawana udongo. Mwili uliachiliwa angani."

"Lini?"

"Siku ile ile. Kanuni inasema ndani ya saa moja."

Alitupa mrenda kwenye sinia. "Saa moja! Saa moja hata maji ya ugali hayajachemka! Mtu ametengeneza hewa ya watu miaka yote hiyo, mnamtupa kama maganda?"

"Ala, jirani," akasema yule mwingine, "si kila mtu ni kama nyinyi, mnakaa matangani mpaka ng'ombe waishe."

"Na nyinyi mnazika mtu kama mnapanda viazi, mnapangusa mikono, mnarudi shambani."

"Tunarudi, ndiyo, kwa sababu kuna kazi. Lakini hata sisi, saa moja, hapana." Akanigeukia. "Saa moja ni mbaya, msichana wangu."

Mama hakuwa amemaliza. "Nani alisimama akasema alivyokufa?"

"Mashahidi," nikasema. "Kumi na mmoja. Nimekusomea."

"Hao wameulizwa," akasema mama. "Mimi nauliza nani alisema."

Nilikaa na makaratasi magotini na uso wangu ukapata moto, kwa sababu nilielewa alichomaanisha, na nilielewa pia kwamba nilikuwa nakijua tangu utotoni na sikukitumia.

Kwetu magharibi hakuna jeneza linaloshuka kabla mtu hajasimama kusimulia kifo. Ni lazima awe yule aliyemuuguza, aliyekuwa karibu. Anaanzia siku marehemu alipokataa chakula mara ya kwanza. Anasema aliomba nini, nani alipigiwa simu, gari lilichelewa wapi, neno la mwisho lilikuwa lipi. Na watu hawamsikilizi tu, wanamkagua. Nakumbuka mazishi ya babu, nikiwa msichana wa shule. Shangazi alikuwa anasimulia vizuri sana, akasema Jumanne mzee aliomba uji nikampikia. Mama mmoja nyuma kabisa akapaza sauti: "Jumanne ni siku ya soko, tulikuwa wote huko, uji ulipika saa ngapi?" Shangazi akahesabu kwa vidole mbele ya umati mzima. Akasema, ni kweli, ilikuwa Jumatano, mnisamehe. Na hakuna aliyeona ni fujo. Waliitikia kwa kichwa, akaendelea.

Miaka ishirini na saba nimekaa mahakamani, na sijawahi kuona shahidi akihojiwa vizuri kuliko shangazi siku hiyo. Mahakamani unajibu ulichoulizwa, na wakili wako amekufundisha ujibu kidogo iwezekanavyo. Matangani hakuna anayekuuliza, kwa hiyo unasema yote. Na tena unataka uonekane ulimpenda marehemu kuliko wengine, na hapo ndipo mtu hujikwaa.

"Mama," nikasema, "umenipa kitabu."

"Nimekupa nini? Endelea kusoma, mrenda unanyauka."

Jumatatu nikaanza upya. Kikwazo kilikuwa kanuni ya saa moja, na hapo ndipo kazi yangu ya zamani iliponifaa kwa mara ya kwanza maishani. Katika kesi ya mauaji, mwili ni ushahidi. Hautoki mpaka mahakama iseme utoke. Kwa hiyo nikampa jaji wangu wa angani kalamu, akatoa amri: mwili usiachiliwe mpaka uchunguzi ukamilike. Saa moja ikawa siku sita. Na siku sita, watu arobaini, maiti moja, hata ukiwa angani utafanya nini? Wataketi. Watachemsha kitu. Mtu ataanza kulia, mwingine atasema, jamani, ebu tuambiwe, ilikuwaje?

Nikamsimamisha tabibu, kwa sababu yeye ndiye aliyemuuguza fundi. Mahakamani alikuwa ameapa kwamba siku ile hakukanyaga jikoni, na alisema hivyo tu kisha akafunga mdomo. Lakini matangani alitaka kuonekana mwema. Akasema kwa machozi kwamba mzee alikataa chakula tangu asubuhi, akaomba chai tu, na yeye tabibu, kwa mapenzi aliyokuwa nayo, akamchemshia mwenyewe kikombe cha kwanza pale chumbani, kabla ya kile cha mpishi, akakaa naye akinywa.

Nyuma kabisa nikamweka mama mmoja anayesafisha korido za chombo. Mama huyo akapaza sauti: "Maji ya upande ule yalikuwa yamefungwa tangu juzi yake. Ulichemsha nini?"

Hilo sikulitoa mbali. Katika mitaa yetu maji huja kwa mgao, na kila mtu anajua siku ya maji. Unaweza kusahau siku ya kuzaliwa kwa mtoto wako, lakini siku ya maji huisahau, na mtu akikudanganya kwamba alioga Alhamisi unajua pale pale.

Tofauti na shangazi, tabibu hakuhesabu kwa vidole. Yule mama akageuka kwa mpishi wa chuma, aliyekuwa amefungwa kando ya mlango, akamuuliza swali ambalo mawakili wawili na jaji mmoja hawakuwa wameliuliza siku zote zile: "Wewe, chai yako ilitoka jikoni ikaenda kwa nani?"

"Kwa tabibu," mpishi akasema. "Alikuja jikoni akaichukua mwenyewe."

"Mbona hukusema?"

"Sikuulizwa."

Nilipoandika neno hilo nilisimama, nikatembea sebuleni nikizunguka kochi, nikacheka peke yangu. Nimeona watu wakifungwa kwa sababu ya swali ambalo halikuulizwa. Nimechapa kesi zao. Sasa huyu mmoja wa chuma angalau atatoka.

Jumapili nikawasomea sura hiyo. Jirani aliacha minji. Mama mwenye korido alipopaza sauti, yeye naye akapaza: "Mwulize! Mwulize tena!" mpaka watu wa nyumba ya tatu wakatoka kuangalia kuna vita gani. Mpishi alipofunguliwa minyororo, jirani akapiga vigelegele, maganda yakamwagika yote. Mama alisubiri nimalize.

"Hakuna wimbo?" akauliza.

"Kanuni haziruhusu dini, mama."

"Basi wavumishe sauti tu, midomo imefumbwa. Kuvumisha si dini."

Nikaandika wavumishe. Tukatuma.

Safari hii jibu lilirudi baada ya wiki mbili, kupitia kwa mhariri, na sauti yake kwenye simu ilikuwa ya mtu anayebeba mayai. Kampuni wameipenda, alisema. Wanapenda mama wa korido, wanapenda chai. Ila matanga ni marefu mno, yanasimamisha kesi. Wanataka yakatwe yawe nusu ukurasa, na swali la maji liulizwe na wakili, mahakamani, kama inavyotakiwa katika hadithi za kesi.

"Madam, nakuomba," akasema. "Kubali tu. Ni sura moja. Tukikataa wanaweza kusema hii ndiyo ya pili, imekataliwa, na mkataba unaujua. Si ulitaka kitabu?"

Nilikitaka. Nisidanganye, nilikitaka kuliko kitu chochote. Nilikuwa nimeshapanga hata mahali pa kukiweka, juu ya kabati la vyombo, kikiangalia mlango. Ningekata sura moja, kitabu kingetoka, hakuna mtu duniani angejua kilichokuwa pale. Nilikaa mezani nikafungua ile sura, nikaanza kufuta. Nilifuta mstari wa kwanza, wa pili. Nilipofika kwa mama wa korido vidole vikakataa. Nilifikiri, hii kesi nyingine yote mtu yeyote wa mahakamani angeiandika. Hii sura peke yake ndiyo ninayojua sikuichapa kutoka kwenye mwandiko wa mtu.

Nikarudisha mistari, nikafungua barua mpya. Hasira zilikuwa zimevaa viatu, lakini nikaziambia zikae chini, kwa sababu nimeona mawakili wengi wakishindwa kesi nzuri kwa kupiga kelele. Niliandika kama wanavyoandika wale waliojua kazi. Nikasema kwa heshima zote kwamba nimesoma kitabu chao cha kanuni toka jalada hadi jalada na hakuna mahali kinapokataza watu kuketi na kumlilia mtu wao. Nikasema wakili hawezi kuuliza swali la maji kwa sababu wakili haoshi korido na hajui maji yalifungwa lini. Nikasema wao wenyewe walilalamika kwamba hakuna anayemjali aliyekufa, na sasa nimewaletea watu arobaini wanaomjali, wanasema wapunguzwe. Mwisho nikaandika: mkiiondoa sura hii, muondoe na jina langu.

Nikamtumia mhariri. Akanijibu kwa neno moja, "Woi." Lakini akaipeleka.

Niliogopa. Siku zile nilikuwa nikipiga deki sakafu iliyokwishapigwa deki. Nilijilaumu kwamba mdomo wangu umeniponza tena, kwamba ningenyamaza tu kama mpishi wa chuma na kujibu nilichoulizwa. Jumapili nilikwenda Jericho nikaketi na hao wawili, na mama akanitilia mrenda mwingi kuliko kawaida.

Siku ya kumi na moja, mchana, mlango ukagongwa. Mhariri alikuwa amekuja mwenyewe kutoka Fedha, amepanda ngazi mbio, anahema, nikajua ni mabaya, maana mazuri huwa anayapigia simu.

"Wamekubali," akasema. "Yote. Hata mafua ya kiongozi wa mashtaka."

Nilimkumbatia nikamwinua kutoka chini, na mimi si mtu wa kuinua watu. Kisha akanionyesha kwenye simu yake. Kule kwenye kampuni kuna mtu ambaye kazi yake ni kukagua kama waandishi wamevunja kanuni. Pembeni mwa sura yangu alikuwa ameandika kwamba ametafuta kanuni inayokataza kuomboleza na hakuipata. Kisha, chini yake, alikuwa ameongeza: ajabu ni kwamba hatuna hata moja inayoruhusu.

Kitabu kikatoka. Jina langu liko chini, dogo, la mfululizo ni kubwa mara tano, ndivyo mkataba ulivyotaka. Kanisani nilitangazwa, na jirani wa mama, ambaye si wa kanisa letu, alikuja siku hiyo kwa makusudi, akapiga vigelegele mahali ambapo si pa vigelegele. Mama alikibeba kitabu kwenye mfuko wa plastiki kisilowe, ingawa jua lilikuwa linawaka. Nilikuwa na furaha mpaka nikaona aibu.

Nilidhani hapo ndipo mwisho wake. Lakini mwaka uliofuata mhariri akaniletea kitabu kingine cha mfululizo ule, kilichoandikwa na mtu wa nchi ambayo hata kwenye ramani ningeitafuta kwa muda. "Fungua ukurasa huu," akaniambia. Nikafungua. Baharia mmoja wa chombo alikuwa amefariki, kwa ugonjwa tu, hakuna kesi, hakuna sumu. Watu walikuwa wameketi. Mwanamke mmoja alikuwa amesimama, anaanza kusimulia kifo chake, kuanzia asubuhi alipokataa chakula. Na mtu wa nyuma alikuwa anamsahihisha siku.

Kumbe walikuwa wameiingiza kwenye kitabu cha kanuni. Kila anayekufa ndani ya chombo kile, yeyote anayeandika, wa nchi yoyote, lazima mtu asimame aseme. Nilikaa kwenye kochi nikalia mbele ya yule msichana, na sikujali.

Jumapili nikamsomea mama, nikimfasiria neno kwa neno. Alisikiliza mpaka mwisho, akafikiri.

"Amesema vizuri," akasema. "Lakini amesahau kusema nani alimshika mkono."

"Nimwambie?"

"Mwandikie."

Nikamwandikia mwandishi huyo kupitia kwa mhariri, nikamweleza mama yangu ni nani na amesema nini. Alinijibu baada ya siku chache. Kwao hawana desturi hiyo, alisema. Kwao mchungaji husoma karatasi, watu wakarudi makwao. Aliikuta tu kwenye kanuni, akaitii kwa sababu ni kanuni. Lakini kitabu kikiwa kwa mpiga chapa, baba yake alifariki, na siku ya mazishi alijikuta amesimama mbele ya watu bila kuitwa, akasema kila kitu, kuanzia asubuhi mzee alipokataa mkate. Dada yake alimsahihisha mara mbili. Alitaka kujua kama alifanya sawasawa.

Nikamsomea mama barua hiyo. Jirani naye alikuwepo, minji mapajani. Mama alijipangusa macho kwa mkono wenye utomvu wa mrenda.

"Mwambie amefanya sawasawa," akasema. "Na umuulize nani alimshika mzee mkono."